Karatasi Zilizogandana

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut aliishi mcha Mungu akiitwa Sheikh Shuraih bin Nuaimu, Mola amrehemu, msomaji ambaye ulimi wake haukujua kukwama. Kila palipofanyika hitima, msahafu ukagawanywa juzuu juzuu ili kila mtu asome yake na wote wahitimishe pamoja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga. Watu walimsifu kwa hilo, naye hakuchukia kusikia.

Ikawa amefariki jirani yake Mutarrif, msusi wa mikeka. Mjane wake, Bibi Unaysa, akawaomba majirani wamsomee marehemu hitima baada ya sala ya adhuhuri, kwani hakuwa na zawadi nyingine ya kumpelekea mumewe. Sheikh Shuraih akapewa juzuu yake, akaisoma kwa sauti nzuri. Ulimi ulikuwa ukisoma, lakini moyo ulikuwa matembezini. Ulikwenda kwa fundi aliyemharibia mlango, ukapita uani kulikonukia nyama, ukarudi barazani kutazama ni nani bado yuko nyuma. Akamaliza wa kwanza, kama kawaida yake.

Alipokuwa akiifunga juzuu, kidole chake kikagusa karatasi iliyokuwa nene kuliko nyingine. Akaitazama vizuri. Zilikuwa karatasi mbili, zimegandana kwa marashi yaliyonyunyizwa katika msiba wa zamani, wala hazikuwa zimebanduliwa. Alikuwa amezifunua kama moja, akapita, na hakuhisi hata kidogo kwamba maneno hayaungani. Naye alikuwa amezihifadhi aya hizo tangu utotoni! Uso ukamwaka kwa haya.

Lakini mwanachuoni huwa hakosi fatwa ya nafsi yake. Akajiambia kwamba atazisoma kimyakimya njiani akirudi nyumbani, na kwamba Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, na kwamba si vizuri mzee kujifedhehesha mbele ya vijana. Wakati huo wenziwe walikuwa wamekwisha kusoma, nao wakamtaka yeye, kwa heshima yake, aombe dua. Akainua mikono. Nyuma ya pazia akamsikia Bibi Unaysa akisafisha koo, tayari kuitikia amina kwa ajili ya mumewe.

Mikono ikamshuka yenyewe.

"Bibi Unaysa, uniwie radhi," akasema, macho yakiwa chini. "Hitima ya mumeo haijatimia. Nimeruka kurasa, na hata hizo nilizozisoma, mimi sikuwepo."

Aliona aibu hata ya kuinua uso, akangoja alaumiwe, na lau angelaumiwa ingekuwa nafuu kwake. Mjane akasema kwa upole, "Basi soma, sheikh. Chakula kitapashwa moto. Na tunayemsomea hana haraka."

Akaanza upya tangu mwanzo wa juzuu. Alipofika kwenye zile karatasi akazibandua taratibu kwa ukucha, akasoma aya alizozisoma maisha yake yote kama mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza, akalia mbele ya vijana waliozoea kumuiga. Siku ile alikuwa wa mwisho kufunga.

Tangu hapo akajiwekea ada ya kuihesabu nafsi yake kila baada ya alasiri. Hakujiuliza tena amesoma kiasi gani. Alijiuliza alikuwa wapi wakati anasoma, na karibu kila siku jibu lilimtahayarisha. Watu wakasema macho ya sheikh yamechoka, ndiyo maana hamalizi mapema kama zamani, naye akawaacha waseme.

Ndugu zangu katika imani, yule mja mwema aliona haya kwa karatasi mbili tu, akasema kweli. Sisi kitabu kiko magotini na akili iko sokoni, na karatasi zetu zilizogandana hatuzijui hata ni ngapi. Mola atujaalie, kila tufunguapo kitabu, nasi tuwepo.