Figa Lililoondoka na Chungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Nimesikia sauti tatu, na hapa tumekaa watu tisa. Wengine midomo mmeiacha nyumbani? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa hata moto umesikia. Wewe uliye karibu na kuni, sukuma hicho kigogo, kisha unyamaze.

Hapo zamani za kale, kobe alipokuwa hana baka hata moja mgongoni, katika kijiji kimoja cha huko bara, paliishi mtu aitwaye Lugendo. Alikuwa na mke, Milembe, na binti mdogo, Kabula. Jirani yao alikaa mama yake Milembe, Bi Nyamizi, mwanamke mwenye maneno mengi na mtu mmoja tu ambaye hakuruhusiwa kumwambia. Mtu huyo ni Lugendo.

Maana desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wala hawasemezani. Mama akimwona mkwewe anakuja, hujifunika kaniki usoni. Mkwe akimwona mama, hugeukia kichaka. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Na desturi hiyo iliondoka kwa njia moja tu: siku mama atakapokula chakula alichopika mkwewe kwa mikono yake, akakimeza.

Lugendo alikuwa ameoa miaka tisa. Miaka yote tisa alijigamba, "Kupika ni nini? Ni kuwasha moto na kungoja." Lakini kila alipolikaribia jiko aliwafikiria wanaume wenzake watakavyomcheka, akarudi kukaa. Aliyeteseka ni Milembe.

"Milembe, mwambie mumeo mbuzi wake wamekula mtama wangu."

"Milembe, mwambie mama mbuzi ni mnyama, hajui mipaka."

"Milembe, mwambie mumeo, na yeye je, anaijua?"

Na wote watatu wameketi ua mmoja. Fikirini wenyewe.

Siku moja baada ya mavuno Milembe akasema, "Nimechoka kuwa mdomo wa watu wawili. Kesho tunakwenda korongoni sote wanne, tupige kambi siku tatu. Huko hakuna wa kukucheka. Utapika, mama atakula, mambo yaishe. Asipokula, mimi na Kabula tunahamia kwa mjomba, na nyinyi mtatafuta mdomo mwingine."

Lugendo akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Alimpenda mkewe, na alijua kwamba Milembe akisema neno hulitenda.

Basi wakashuka korongoni. Magenge mekundu huku, magenge mekundu kule, na katikati njia ya mtu mmoja. Bi Nyamizi alitangulia, kaniki usoni, akipapasa kwa vidole vya miguu. Lugendo alifuata ubavu ubavu, uso ameuelekeza gengeni ili asimwone mama. Akajigonga kichwa mara ya kwanza. Akajigonga mara ya pili. Akajigonga mara ya tatu.

"Milembe, mwambie mumeo aangalie mbele."

"Milembe, mwambie mama kwamba mbele yupo yeye."

Wakafika mahali palipo pana, wakajenga kibanda cha matawi. Milembe akatua mzigo: chungu, mahindi, maharage, karanga, kifuko cha chumvi na kibuyu cha maji ya kupikia. Akamshika Kabula mkono, wakaenda kuteka maji ya kunywa kwenye kisima kilichokuwa mbele, kupita mahali korongo linapobana.

"Nikirudi nikute makande," akasema.

Lugendo akatafuta mafiga. Akapata figa la kwanza, dogo. Akapata figa la pili, dogo. Akapata figa la tatu, kubwa, la mviringo, na juu yake lina kibonde. "Hili limeumbwa kwa ajili ya chungu," akasema, akalikokota mpaka kambini. Akakiteleka chungu juu ya figa kubwa, yale madogo yakakiegemeza, akakoka moto.

Jamani, lile halikuwa jiwe. Alikuwa kobe mzee, aliyelala tangu mvua zilipokatika.

Sasa Bi Nyamizi alikuwa ameketi kwenye mlango wa ile njia nyembamba ya kwenda kisimani, analitazama jiko. Lugendo akiinua macho angemwona. Kwa hiyo akalipa jiko mgongo, akanyoosha mkono nyuma, akawa anakoroga chungu kinyumenyume. Desturi ilimkataza Bi Nyamizi kumtazama mkwewe, haikumkataza kutazama chungu. Kaniki yake ilikuwa na tundu. Kupitia tundu lile akaona figa linafumbua jicho.

Amwambie nani? Milembe hayupo. Bi Nyamizi akakohoa.

"Ewe genge, mwambie mkwe wangu figa lake limefumbua jicho."

Lugendo akaendelea kukoroga. "Ewe genge, mwambie mama mawe hayana macho."

Moto ukakolea.

"Ewe genge, mwambie mkwe wangu figa lake limetoa shingo."

"Ewe genge, mwambie mama asubiri, njaa inamwonyesha mambo."

Moto ukakolea zaidi.

"Ewe genge, mwambie mkwe wangu figa lake lina miguu minne, na linaondoka."

"Ewe genge, mwambie mama makande yako karibu kuiva, nayasikia yamekuwa mepesi."

Mepesi kwa sababu mwiko ulikuwa unakoroga hewa. Kobe alishasimama, chungu mgongoni, na anakwenda zake kisimani akaupoze mgongo. Kobe hana haraka hata akiungua. Lugendo alipogeuka akakuta mafiga mawili na majivu. Hapo akawaona kwa macho ya moyo Milembe na Kabula wamejitwika mizigo kuelekea kwa mjomba. Akakimbia.

Bi Nyamizi, ambaye njaa ilishamshika kweli, akarudi nyuma akaziba njia nyembamba. Kobe akaingia katikati, akasimama. Mbele mtu, nyuma mtu, kushoto genge, kulia genge.

"Mgongo wangu unaungua," akasema kobe. "Nahesabu tatu, kisha najitikisa."

"Milembe, mwambie mama ashike ukingo!" akaita Lugendo.

Milembe alikuwa mbali.

"Moja," akasema kobe.

"Milembe, mwambie mumeo chungu ni cha moto!"

"Mbili."

Lugendo akainua macho, akamtazama mama mkwe wake. "Mama," akasema, "nisaidie. Mke wangu ataondoka."

Bi Nyamizi akaivua kaniki usoni, akaizungusha kwenye shingo ya chungu. "Shika ncha hiyo, baba. Mimi nimeshika hii. Nyanyua."

"Tatu," akasema kobe, akajitikisa. Chungu kilikuwa hewani.

Milembe na Kabula waliporudi na maji, wakawakuta wameketi uso kwa uso, chungu katikati. Bi Nyamizi akachota upawa mmoja. Upande mmoja makande yameungua, upande mwingine mahindi yanalia kokoto. Akatafuna. Akatafuna. Akatafuna. Akameza.

"Lugendo," akasema, "hukutia chumvi."

Lugendo akalia kwa furaha, na Milembe akacheka mpaka akakaa chini. Kobe akapewa bakuli zima kwa kupoza machungu, na yale mabaka mnayoyaona mgongoni mwake hata leo ni masizi ya moto ule.

Lakini Bi Nyamizi alikuwa na maneno ya miaka tisa. Siku ya kwanza alianza na mbuzi. Siku ya pili akaingia kwenye paa linalovuja. Siku ya tatu, wakipanda kurudi nyumbani, alikuwa nyuma ya Lugendo hatua moja, anamweleza kuhusu ndevu zake.

Lugendo akajikaza, akajikaza, mwishowe akamgeukia mkewe. Akasema kwa sauti ya chini, "Milembe, mwambie mama apumzike kidogo."

Milembe akajitwika chungu vizuri, akampita.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya korongo. Anayetaka kujua yaliyobaki amwulize Bi Nyamizi, ila aje na kuni za kutosha.