Mtumbwi Ulioliwa na Jua

Mkinga maji huliwa na jua. Ndivyo alivyowaambia fundi Magesa leo, mlipotaka kushusha mtumbwi wenu ziwani kabla ya kuupaka rangi. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza jua linamlaje mtu. Wengi hudhani ni methali ya mababu. Sivyo. Ilianzia nyumbani kwetu, hapa Majita, na maneno yake yalitoka kwa kaka yangu Chirangi.

Chirangi alikuwa seremala. Baba yetu alizama yeye akiwa na miaka kumi na miwili, mimi bado nabebwa mgongoni. Maungio ya mtumbwi wa baba yalikuwa yamezibwa kwa pamba. Pamba ikatoka, maji yakaingia, baba hakurudi. Tangu siku hiyo Chirangi hakuwa na adui mwingine duniani ila maji. Alipooa, alijenga juu kilimani, mbali na ufuko, hata mkewe akawa analalamikia safari ya kuteka maji. Mvua ikinyesha, yeye alisimama ndani akitazama paa.

Lakini mtu wa huku hawezi kuishi bila chombo. Mwaka mmoja alirudi kutoka Mwanza na madebe mawili ya gundi ya epoksi na kitambaa cha faiba, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Akakata plaiwudi, akaishona kwa waya wa shaba, akaipaka gundi, akatandika kitambaa, akapaka tena na tena. Ilipokauka ikawa ngumu kama kioo. Mtumbwi ulikuwa unang'aa, na mishipa ya mbao ilionekana wazi chini ya gundi. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuugusa tu.

Aliyemuuzia gundi alikuwa amemwonya kwamba haivumilii jua. Juu yake apake rangi, na chombo kikiwa nchi kavu kikae kivulini. Onyo hilo Chirangi alinisimulia mwenyewe, na hakulitilia maanani. Rangi hakuitaka kwa sababu alitaka kuiona mbao. Alisema tone moja la maji likipenya ataliona doa, naye ataliziba siku hiyohiyo. Rangi ingemfichia adui.

Basi kila aliporudi ziwani aliuburuta mtumbwi hadi kwenye mwamba mkubwa, akaulaza kifudifudi, akauacha ukauke mchana kutwa. Kwake yeye, jua lilikuwa linamsaidia kufukuza maji.

Kiangazi cha kwanza ukageuka rangi, ukawa manjano kama samli. Cha pili ukafifia. Cha tatu nilikuwa naanika dagaa kwenye mwamba uleule, nikauegemea. Niliposimama, kanga yangu ilikuwa imeshika unga mweupe. Nikapitisha kiganja, kikakwaruzwa na nyuzi za kile kitambaa, zilizokuwa zimeanza kutokeza.

Nikamwita. Alikuja na kopo la maji, akamwagia pale nilipomwonyesha. Weupe ukatoweka, mbao ikaonekana safi, na mtumbwi ukang'aa kama siku ya kwanza.

"Umeona doa?" akaniuliza.

"Doa sijaona. Nimeona unga. Kitu kinachotoka unga kinaliwa, kaka."

"Kinaliwa na nini?"

Nikanyoosha mkono kuelekea juani.

Hakukasirika. Aliweka kopo chini, akasema polepole, "Nyangeta, baba hakuzama kwenye jua."

Nikarudi kugeuza dagaa. Nilinyamaza wiki zote zilizofuata, ingawa maji yalipokauka unga ulirudi palepale, na kila siku ya kuanika dagaa niliuona.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, binti yake wa pekee, Nyabise, alichaguliwa kwenda sekondari ng'ambo ya ghuba. Chirangi hakukubali apande mtumbwi wa mtu mwingine. Alisema mitumbwi yao yote inavuja. Waliondoka asubuhi, ziwa limetulia, wawili tu, na sanduku la bati, ndoo na godoro. Mama yake na mimi ndio tuliowasukuma.

Yaliyotokea huko alitueleza Chirangi, mara moja tu. Walipofika katikati, upepo ukaanza. Mawimbi hayakuwa makubwa. Mtumbwi wowote ungeyapita. Chombo kikapanda, kikashuka, naye akasikia mlio kama nguo inayochanwa. Ungio la chini likafunguka kutoka mbele hadi kati. Alivua shati akaliingiza kwenye ufa, likapita lote. Nyabise alishika sanduku lake. Sanduku lilielea kwa muda, kisha likajaa maji. Alimwita baba yake mara mbili. Mara ya tatu hakumaliza. Chirangi alipofika pale, alikuta godoro tu.

Wavuvi walimwokota akiwa amekumbatia kipande cha mtumbwi. Nyabise tulimpata siku ya tatu.

Msibani, kipande kile kilikuwa magotini mwake, na hakuna aliyeweza kumwachisha. Mzee Mafuru, jirani yetu, akainama kumpa pole. Akamwambia, "Maji yamekuchukulia wawili sasa, Chirangi. Baba na mtoto."

Chirangi hakuinua kichwa. Aliingiza ukucha kwenye ukingo wa kile kitambaa, akavuta, kikabanduka chote kama ganda la muhogo uliochemshwa. Jua lilikuwa limeila gundi, maji yakapenya chini ya weupe ule, na mbao ilikuwa nyeusi, imeoza, laini hata kidole kikazama.

"Si maji," akasema. "Maji niliyakinga. Mwanangu ameliwa na jua, na nilionyeshwa."

Kisha akanitazama, nami sikuweza kumtazama.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, wala hakuunda chombo kingine. Akipita njiani, watu walinong'onezana, "Yule ndiye mkinga maji aliyeliwa na jua." Ndiyo, mwanzoni ilikuwa masengenyo, maneno ya kumcheka mfiwa. Yeye aliyasikia. Baadaye mafundi wakawa wanawaambia wanafunzi wao, na sasa hata wasiojua mtumbwi huyatumia kwa mambo yao.

Msidhani alikuwa mzembe. Katika kijiji hiki sijamwona mtu mwangalifu kama kaka yangu. Lakini macho yake yote aliyaweka kwa adui aliyemuua baba yake, na yule wa pili akamla mchana kweupe, kidogo kidogo, miaka mitatu, mimi nikitazama.

Sasa mmejua. Mkinga maji huliwa na jua.