Matabibu Saba wa Mtu Asiyeumwa

Hapo zamani, katika mji wa Pembezo, palikuwa na nyumba ya tiba iliyoendeshwa kwa mali ya Sultani Mahadhi, na hapakuwa na mtu aliyetoka humo bila kupimwa. Mgonjwa alishikwa mshipa, akatazamwa ulimi, kisha mkojo wake ukatiwa katika kikombe kipya cha kioo kutoka ng'ambo, ambacho kikishatumika hutupwa. Hata aliyekuja kumjulia hali mgonjwa naye alipimwa, kwa heshima, kama wengine wanavyomkaribisha mgeni kwa kahawa. Asiyepimwa alirudi kwake amenuna, akisema amedharauliwa.

Basi ikawa hazina inapwaya, na Sultani akapandwa na hasira. Akasema, "Vipimo visivyo na haja vikome kabla ya Ijumaa. Visipokoma, naifunga nyumba nzima!"

Mawaziri wakatazama vidole vya miguu yao, na mimi ningetazama vyangu. Ndipo akajitokeza Vuai, fundi wa kuziba ndoo, fukara asiye na kitu ila ulimi wake na mkewe Mwanaisha, naye Mwanaisha alikuwa siku ya nne amelala kwa homa katika nyumba ile ile, akingoja tabibu wa kumtibu.

"Bwana wangu, nipe mimi kazi hii," akasema. "Nipe na hati, kwamba asiyeumwa asipimwe, awaye yote."

Sultani akaandika, akapiga muhuri.

Vuai akaenda nyumba ya tiba, akamkuta mkwewe, Bi Tatu, amekwisha kupimwa mara mbili na angoja ya tatu.

"Mama, waumwa na nini?"

"Niumwe na nini, mwanangu? Nimekaa tu, nikaona wenzangu wanapimwa."

"Basi si uache?"

"Waambie hao waache! Wanajidekeza tu. Mimi changu ni cha lazima. Nitajuaje kama ni mzima?"

Akawauliza wengine, nao wakajibu vivyo hivyo, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake.

Ijumaa asubuhi Vuai akasimama kwenye lango la kasri, hati mkononi. Wakaja matabibu saba, ambao kila siku humpima Sultani kabla hajanywa uji. Akawarudisha wote.

Sultani akatoka mbio, kikoi nusu kimefungwa. "Ewe Vuai! Wako wapi matabibu wangu?"

"Waumwa, Bwana?"

"Siumwi!"

"Basi hati yako yasema asiyeumwa asipimwe."

"Mpumbavu wee! Nitajuaje kama siumwi nisipopimwa?"

Vuai akainama. "Hayo, Bwana wangu, ndiyo wasemayo watu wako wote. Ikiwa kwa neno hilo nyumba ya tiba itafungwa, basi tuanze na lango hili."

Sultani akakodoa macho. Mara kicheko kikamtoka, akacheka hata akakaa kizingitini. Akasema, "Nyumba haifungwi, ewe Vuai, wala wageni wasipimwe tena." Kisha akajishika ubavu, uso ukambadilika. "Lakini ubavu huu waniuma sasa. Niitie wale saba."

"Mmoja, Bwana."

"Watano!"

"Wawili."

"Watatu, nami sishuki tena!"

Wakakubaliana watatu. Wanne waliobaki Vuai akawaongoza mwenyewe hadi nyumba ya tiba, akawapitisha mbele ya Bi Tatu aliyekwisha kutoa ulimi, asiwaache wasimame, mpaka kitandani kwa Mwanaisha.