Kuchechemea kwa Sikudhani

"Rithi kibao, kuchechemea mwachie mwenyewe." Mmeisikia leo, wanangu, na mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kwamsala palikuwa na timu ya kriketi ya wanawake isiyojua kushindwa. Wageni waliokuja kucheza nayo walitaniwa kuwa wamefuata pilau tu. Mpigaji wao mkuu alikuwa Sikudhani. Akisimama mbele ya vile vijiti vitatu kuvilinda, mpira haupiti. Lakini umri haubembelezwi. Wakubwa wakaacha mchezo mmoja mmoja, mwisho naye Sikudhani akaacha, akamkabidhi kibao chake cha kupigia mpira Mwanamvua, binti wa kaka yake.

Basi timu ikafungwa, ikafungwa tena. Kila Mwanamvua akisimama, mpira unampita na vijiti vinalala. Watu wakasema Kwamsala imestaafu na wazee wake. Maneno hayo yalimchoma Mwanamvua, akakifunga kibao kwa kanga, akamfuata Sikudhani uani alikokuwa akipepeta mchele.

"Shangazi, pokea amana yako. Mimi nimeshindwa, sichezi tena."

Sikudhani hakunyoosha mkono. Moyo ulimuuma, maana hakuwa na binti mwingine wa kumwachia. Akamwomba asimame kama anavyosimama uwanjani, amwone. Mwanamvua akainua kibao, akauburuta mguu wa kushoto nyuma, akaegemea wa kulia.

"Mguu unakuuma?"

"Hauniumi."

"Mbona unauburuta?"

"Si ndivyo ulivyokuwa ukisimama? Wote tunasimama hivyo, shangazi. Tulijua ndiyo siri yenu."

Sikudhani akaweka ungo chini. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, lile lilikuwa goti bovu. Niliteleza kisimani nikiwa na mimba, halikupona tena. Nilicheza nalo hivyo hivyo kwa maumivu, sikumwambia mtu. Mungu amekupa magoti mazima, nawe unamrudishia?"

Mwanamvua akaondoka na kibao chake.

Siku ya mechi Sikudhani alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akivuta uradi kimoyomoyo. Mrushaji alipoanza kukimbia, mazoea yakamrudia Mwanamvua. Mguu ukaanza kurudi nyuma. Sikudhani, ambaye hajapata kupaza sauti mbele za watu, akasimama.

"Mwanamvua, kibao nimekupa. Kuchechemea niachie mwenyewe."

Uwanja mzima ukacheka. Hata Mwanamvua alicheka, na katika kucheka huko akajikuta amekanyaga chini kwa miguu yote miwili. Mpira ukaja, akaupiga ukavuka kamba ya mpaka wa uwanja. Wenzake nao walipofika zamu yao wakasimama kila mmoja kwa miguu yake, na wageni siku ile wakaondoka na pilau tu.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu. Wasichana walikuwa na furaha ya kukimbia, lakini walipunguza mwendo ili Sikudhani asibaki nyuma. Walitembea naye taratibu njia nzima, na katika kundi lote lile aliyechechemea ni mmoja.

Ndiyo maana twasema: rithi kibao, kuchechemea mwachie mwenyewe.