Kimea cha Nyanjige

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akienda pwani na msafara wa pembe za ndovu aliagwa kama anayezikwa, palikuwa na mwanamke aitwaye Nyanjige. Asubuhi moja mumewe, Mihambo, alijitwika pembe begani akasema, "Mavuno yajayo nipo." Mavuno yakaja, yeye hakuja. Yakaja mengine, hakuja. Wenzake waliorudi walisema walimwacha njiani na homa.

Mtoto hawakujaliwa. Nyanjige alibaki peke yake, na kwenye kibanda cha pili akabaki mavyaa yake, Kalunde, mamake Mihambo, mwanamke wa maneno matatu kwa siku. Upweke ulimla Nyanjige. Akitoka kisimani alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, apate tu kusikia neno hilo likisemwa pale, kisha akajikaribisha. Msicheke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wazee wa ukoo wakaja. "Binti yetu, asiyekuwepo na lake halipo. Pika pombe, matanga yavunjwe, uolewe."

Katika nchi ile matanga ya mtu aliyepotea yalivunjwa kwa pombe. Mke aliotesha kimea cha mtama kwa mkono wake, akapika mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kusogelea chungu ila mavyaa. Pombe ikichacha, marehemu ameridhia. Hapo mjane huchota kata ya kwanza: mwanamume atakayempa ndiye mumewe, na akimpa mavyaa, basi si mke wa mtu tena, ni binti wa nyumba ile hadi kufa. Isipochacha, marehemu amekataa, na mambo yote yangoje mavuno mengine.

Aliyemtaka Nyanjige alikuwa Luhende, mtu mpole aliyefiwa na mkewe. Desturi ilimtaka mchumba wa mjane amlimie shamba huku akingoja. Luhende akashika jembe.

Nyanjige hakutaka kuolewa. Mume wake alikuwa hai moyoni mwake, na hilo lilimtosha. Sasa, ninyi mnaopika pombe mnajua: kimea hutiwa uji ukishapoa. Ukikitia uji ukitokota, umekiua, na pombe haichachi. Nyanjige akaacha uji utokote, akatia kimea.

Siku ya tatu wazee wakaja, Luhende nyuma yao, wakaonja. Uji mtupu, mtamu, wa kumpa mtoto. Wazee wakatazamana. "Mihambo amekataa." Wazee wale walikuwa na miaka sitini ya kunywa pombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuipika. Wakaogopa kweli, wakaenda zao.

Mavuno ya pili, uji ukatokota, akatia kimea. Safari hii Kalunde aliingia bila kubisha, akaona mvuke, akaona ungo wa kimea mtupu.

"Mama..." Nyanjige akaanza.

"Koroga," akasema Kalunde.

Na wazee walipoonja wakaanza kunong'ona, Kalunde akasimama mbele yao. "Mwanangu amekataa. Kama nasema uongo, nisizikwe na watu wangu." Siku hiyo alimaliza maneno ya mwezi mzima.

Mavuno ya tatu, uji ukatokota, akatia kimea. Luhende akalima tena. Kila asubuhi alipita uani na jembe lake akasema, "Umeamkaje?" Naye akajibu, "Salama." Hayo tu, siku nzima. Nyanjige akagundua kwamba yeye mwenyewe huamka mapema ili asiikose salamu ile, na ugunduzi huo ukamtia huzuni.

Mavuno ya nne, uji ukatokota. Nyanjige alikaa kando ya chungu, kimea mapajani, akajaribu kuikumbuka sauti ya Mihambo. Mabega aliyakumbuka. Kicheko alikikumbuka, meno yote nje. Sauti haikuja. Iliyokuja ni "Umeamkaje?" Akalia. Alipomaliza kulia, uji ulikuwa umepoa.

Kuni zilikuwepo. Angeweza kuchochea moto. Hakuchochea. Akatia kimea.

Siku ya tatu pombe ikatoka povu hadi ukingoni. Wazee wakaketi, Luhende akaketi, Kalunde akaketi. Nyanjige akachota kata ya kwanza. Alipoinuka, mtu akaingia uani akichechemea, amekonda, fimbo mkononi. Alikuwa Mihambo.

Wakamweleza ile ni pombe ya nini. Akaegemea fimbo yake.

"Mke wangu, nilipopona homa nilitekwa, nikalima shamba la mtu miaka mitano. Nikapewa mwanamke ili nitulie, nikamkataa kwa ajili yako. Nikatoroka, nimekuja na mguu huu unaouona. Sikufa, na pombe hii haiwezi kuniua. Kata ni yangu."

Luhende hakupandisha sauti. "Karibu nyumbani, Mihambo. Lakini marehemu mama yangu alikuwa mpika pombe. Mwaka wa kwanza nilipoonja uji ule, nilijua kimea kimeunguzwa. Ningesema neno moja, ningeoa mwaka ule ule. Nikanyamaza, nikalima misimu mitatu zaidi nikijua sitakiwi. Mwaka huu hakukiunguza, na hakuna aliyemlazimisha. Kata ni yangu."

Kalunde akasema, "Mimi niliapa uongo, nikapoteza kaburi langu kwa ajili ya binti huyu. Mwanangu aliondoka kwa hiari yake. Luhende alingoja kwa hiari yake. Binti huyu hakuulizwa na mtu. Nipe mimi, binti yangu, usiwe mke wa yeyote. Nami sina mwenzangu."

Nyanjige akasimama katikati ya ua, pombe ikimchuruzika vidoleni. Miaka yote hiyo alitamani mtu mmoja tu wa kumwita. Leo wamemwita watatu, na kata ni moja.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu nyumba za wenzenu: Mihambo alirudi, Luhende alijua akangoja, Kalunde aliapa. Je, nani alistahili kata ile?