Jiko Lililofuliwa kama Shuka

Asiyesikia la mdogo huvunjika guu. Naam, la mdogo. Methali tuliyofundishwa shuleni inamtaja mkuu, na si ajabu, maana wakuu ndio walioitunga. Lakini guu halina adabu. Haliulizi umri wa mwenyewe kabla ya kuvunjika.

Palikuwa na msichana mchoma kuku. Jiko lake lilikuwa la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, pana kama kitanda cha mtoto, lenye kifuniko kikubwa cha mviringo. Mchana mmoja mwenye nyumba ya wageni alikula kuku wake, akalamba vidole, akasema, "Nakutaka bustanini kwangu, wewe na jiko lako. Na shangazi yako dobi nitampa shuka za nyumba nzima. Ila jiko litakaa machoni pa wageni. Kesho asubuhi nakuja kulitazama."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Moto ulikuwa umekigeuza kifuniko rangi: pembeni rangi ya asali, katikati zambarau, na juu ya makaa buluu kama shingo ya njiwa.

Shangazi huyo, dada mkubwa wa baba yake, mtaa mzima ulimwita Bi Pee, kwa kuwa hakuna shuka iliyopita mikononi mwake isitoke nyeupe pee. Katika ukoo ule, hakuna kitu kilichohesabiwa kuwa safi mpaka yeye akiguse.

"Jiko chafu kama roho ya mchawi," alisema akikunja mikono ya gauni.

"Si uchafu, shangazi. Ni moto umebadilisha ngozi ya chuma. Nimeosha kwa sabuni, madoa hayatoki. Yanataka siki na unga wa magadi."

"Siki? Jiko hilo au saladi?"

Msichana alikoroga ujiuji wa siki na magadi, akaupaka kwenye chuma kilichopoa, akasugua kwa kitambaa laini akifuata mistari ya chuma, kama mtu anayechana nywele za mtoto. Buluu ikafifia, zambarau ikayeyuka, upande mmoja ukarudi kijivu safi. Kisha siki ikaisha.

"Shangazi, nakwenda dukani. Tafadhali, usiliguse. Ile dawa yako ya kung'arishia shuka itakila chuma. Na sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, italikwaruza, iliachie kutu. Tafadhali."

"Haya, nenda. Yai limeanza kumfundisha kuku kutaga."

Aliporudi, harufu ya dawa ile ilimpokea langoni. Bi Pee alikuwa amemwaga chupa nzima, na sufi ya chuma ilikuwa ikilia kwarakwara, duara juu ya duara, hata juu ya upande uliokwisha kutakata.

"Toa mkono kwenye jiko langu!" Majirani walichungulia juu ya ukuta.

"Acha kelele, tazama! Pee!" Na kweli chuma kile kilichorowa kiling'aa kama kioo. Msichana alikisuuza, akakisuuza tena, akakikausha. Alijua kinachokuja.

Kulipokucha, kifuniko kilikuwa kimeota vipele vyekundu vya kutu, kama mtoto aliyeamka na surua. Mwenye nyumba ya wageni alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwa leso.

"Nani ameliosha?"

"Mimi, bwana!" Bi Pee alijitokeza kifua mbele. "Dobi wako."

"Kama chuma kimetoka hivi mikononi mwako, mama, shuka zangu zitatokaje?" Hakuketi, hakurudi. Kabla ya wiki kwisha, bustani ile ilitoa moshi wa mtu mwingine, na kwenye kamba zake zikaanikwa shuka zilizofuliwa na dobi mwingine.

Je, Bi Pee alijuta? Thubutu! Alikaa sebuleni akimlalamikia ndugu yake. "Nimeaibishwa mbele ya majirani! Nimesaidia, nikafokewa kama mwizi." Kuhusu kifuniko, kimya.

"Mwombe radhi shangazi yako," baba alisema. "Ni mkubwa wako."

"Na yeye ameliomba radhi jiko langu?"

"Hakukusudia."

"Nilimwambia, baba! Kwa tafadhali, mara mbili. Angeambiwa na mzee mwenye mvi, angesikia. Kosa langu ni kuzaliwa nyuma yake."

"Mtoto huyu amelelewa na nani?" Bi Pee alifoka.

"Na nyinyi."

Baba alifumba macho. "Sema samahani tu, mwanangu. Neno moja, yaishe."

Msichana alitoka nje, akarudi amekibeba kifuniko, akakiegemeza ukutani, madoa yakamkodolea Bi Pee macho.

"Yaishe kwa nani? Mimi sina bustani, na wewe, shangazi, huna shuka. Nilipiga kelele, na ukiligusa tena nitapiga zaidi. Heshima yako ninayo, na shikamoo yako utaipata kila asubuhi. Samahani hutaipata. Siombi radhi, leo wala kesho. Asiyesikia la mdogo huvunjika guu."