Nyumba Iliyomfaa Fisi

Hodi ya hadithi!
— Karibu ndani!
Nyumba ni ndogo!
— Tutabanana!

Nimelala nyumba nyingi za watu, Kigoma mpaka Lamu, na kila nilikolala miguu imening'inia nje ya kitanda na paji la uso limesalimiana na kizingiti. Kwa hiyo hii ninaisimulia kwa uchungu.

Hapo kale Fisi hakuwa na nyumba. Akaenda kwa Ngiri: hodi, karibu, nywa! Akammeza Ngiri, akaingia yeye. "Nyumba gani hii, inanibana mbavu!" Akaenda kwa Nungu: hodi, karibu, nywa! "Nyumba gani hii, inanichoma mgongo!" Akaenda kwa Mhanga: hodi, karibu, nywa! "Nyumba gani hii, imejaa mchwa!"

Bonde zima likabaki milango mitupu. Upepo unaingia, unatoka, fyuu, hakuna wa kuuitikia.

Zikasalia nyumba za pimbi tu kilimani, nyufa nyembamba kati ya majabali. Katika mmoja wa nyufa hizo alikaa Mama Pimbi na watoto wake. Adhuhuri moja wakasikia pumzi mlangoni. Hhaa. Hhaa.

"Hodi, Mama Pimbi."

"Kichwa chako hakiingii, Bwana Fisi."

"Si kitu. Nitangoja. Kiu itawatoa."

Watoto wakaganda kwenye manyoya ya mama yao. Mama Pimbi akacheka.

"Bwana mkubwa, pole! Nyumba zote hizo zilijengwa kwa vipimo vya wengine, zikufaeje wewe? Mimi nitakujengea yako. Ya peke yako, hata nzi asipate pa kutua."

"Peke yangu?" Udenda ukamtoka Fisi. "Jenga. Habari ya chakula tutaongea nikishahamia."

"Ila fundi humpima mwenye kukaa. Lala hapo nje, kwenye mwanya wa majabali. Chali. Mikono ubavuni. Nyoosha miguu."

Wenzangu, mnajua ni nani hupimwa amelala. Fisi hakujua. Maiti zote alizowahi kukutana nazo alizila kabla hazijapimwa.

Mama Pimbi akatoka, akampima kwa kamba, utosi hadi unyayo. Pimbi wa kilima kizima wakateremka kimya, kila mmoja na jiwe lake, wakaanza kumzungushia ukuta. Ko, ko, ko.

"Inakufaa, bwana?"

"Inanifaa, fundi!"

Ko, ko, ko.

"Dirisha je?"

"La nini? Majirani wanichungulie?"

Ko, ko, ko.

"Na chumba cha wageni?"

"Mgeni wa nani? Ziba!"

Wakalisukuma jabali la paa. Gu-gu-gu-ndi!

Kisha sauti ndogo, kama ya kutoka kisimani: "Fundi... mlango uko wapi?"

"Si umesema unakaa peke yako, bwana? Mlango ni wa wageni."

Mpaka leo, ukitega sikio kwenye mawe yale utasikia kucha: kwaru, kwaru. Na pimbi wakilia gizani, sauti ile ya kusisimua nywele, wanamuuliza, "Inakufaa, bwana?" Huko chini kitu kinacheka.

Funzo: ukimjengea mtu, mpime yeye mwenyewe, hatalalamika tena. Na fundi akija kukupima usimbishie, lala vizuri. Mimi? Juzi alikuja wangu, nikapimwa nimesimama, mguu mmoja uko nje ya mlango.

Hadithi nimeiezeka, nami natoka. Wa mwisho afunge mlango, akiuona.